Kompyuta mbovu: Bango la dukani si sheria

UKIINGIA katika maduka mengi ya kompyuta, tangu Ruiru na Juja hadi Thika mjini, na hata kule Luthuli Avenue na Moi Avenue jijini Nairobi, utaona kibango kimebandikwa nyuma ya kaunta: "Bidhaa zikishauzwa hazirudishwi, pesa hazirejeshwi." Maneno hayo huandikwa kwa herufi kubwa, na wengi wetu tukishayasoma hunywea kana kwamba yamepitishwa Bungeni. Mtu hununua mashine leo, kesho imekufa, naye hubaki kuilaumu bahati yake.

Msomaji mpendwa, bango si sheria. Juma hili tutazame sheria yenyewe inasema nini, na mnunuzi wa kawaida afanye nini akiuziwa kompyuta, diski, chaja au printa isiyofanya kazi yake.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika ukanda wa barabara ya Thika. Pana Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia pale Juja, pana Chuo Kikuu cha Mount Kenya mjini Thika, na vyuo vingine vidogo chungu nzima. Vyumba vya kukodi vya Theta, Kalimoni na Witeithie vimejaa wanafunzi, na siku hizi mwanafunzi asiye na kompyuta ni kama mkulima asiye na jembe. Pesa za kuinunua hutoka mbali: mkopo wa HELB, zamu ya mama katika chama, au maziwa ya ng'ombe mmoja yaliyowekewa akiba mwaka mzima. Mashine hiyo ikifa wiki ya pili, kinachotikisika ni muhula mzima wa mtoto.

Sheria inasema nini?

Tuanze na sheria kongwe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, imekuwako humu nchini tangu 1931. Kifungu chake cha 16 chasema kwamba mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba zina ubora unaofaa kuuzwa, hata kama hakutamka neno lolote. Tena, mnunuzi akimweleza muuzaji anaitaka kwa kazi gani, na akategemea ujuzi wake, basi bidhaa hiyo sharti iifae kazi hiyo. Ukisema, "Kaka, nataka mashine ya kuchorea ramani za majengo," naye akakupa isiyoweza hata kuifungua programu ya kuchorea, ahadi imevunjwa.

Ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 46 kinampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa habari za kumwezesha kufaidi alichonunua, na haki ya kufidiwa hasara au madhara yanayotokana na kasoro. Kisha Bunge likapitisha Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa, Nambari 46 ya 2012, iliyoanza kutumika Machi 2013. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinarudia ahadi ile ya ubora, halafu kinaongeza neno zito: sharti lolote la mkataba linalojaribu kuiondoa ahadi hiyo ni batili. Hapo ndipo bango linapokosa nguvu. Mwenye duka anaweza kulipaka rangi na kulitundikia taa, lakini haliwezi kuondoa kilichowekwa na sheria.

Iko pia Sheria ya Ushindani ya 2010, ambayo inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi kuhusu waranti au kuhusu haki zake. Na endapo uliuziwa kwa udanganyifu, kwa mfano ukaambiwa mashine ni mpya kumbe ni iliyotumika, ile sheria ya 2012 inakuruhusu kuuvunja mkataba mradi umtaarifu muuzaji kabla ya mwaka mmoja kupita tangu mlipokubaliana.

Kitu kingine ambacho wauzaji hupenda kusema ni hiki: "Sisi hatutengenezi kompyuta. Nenda kwa wakala wa kampuni." Jibu ni rahisi. Pesa zako ulimpa nani? Mkataba wa kuuza ni kati yako na duka. Waranti ya kiwanda ni nyongeza juu ya haki yako. Haiwi mlango wa muuzaji kutorokea.

Mipaka ya haki hii

Haki ina mipaka, na ni vyema kuijua kabla ya kwenda kugombana na watu. Sheria hizi hazikupi nafasi ya kurudisha mashine nzima kwa sababu tu umeona nyingine nzuri zaidi kwa jirani. Kama muuzaji alikuonyesha ufa wa skrini nawe ukakubali ukapunguziwa bei, ufa huo ni wako. Kasoro ambayo ungeiona kwa kuikagua, na ukaikagua ukanyamaza, ni shida kuidai baadaye. Ikimwagikiwa chai au ikianguka kutoka matatu, usimtafute mwenye duka.

Mashine iliyotumika nayo hupimwa kwa bei na maelezo yake. Laptopu ya miaka saba haitarajiwi kuwa na betri ya kudumu kutwa nzima. Lakini hata iliyotumika ni lazima iwake, iendelee kuwaka, na ifanye kazi ulizoambiwa itafanya.

Angalia pia unanunua kwa nani. Ahadi ya ubora tuliyoitaja inamfunga mtu anayefanya biashara ya bidhaa hizo. Mwanafunzi mwenzako wa hosteli akikuuzia laptopu yake ya zamani, hafungwi kwa namna hiyo, ingawa hana ruhusa ya kukudanganya wala kukuuzia mali isiyo yake. Ndiyo maana bei ya hosteli huwa chini, na ndiyo maana ya kuwa macho zaidi.

La mwisho, na ndilo linalowaponza wengi, ni wakati. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inampa mnunuzi muda wa kutosha wa kuichunguza bidhaa. Akikaa nayo kupita muda huo bila kusema lolote, huhesabiwa kuwa ameikubali, na hapo hawezi tena kuikataa na kudai bei yote. Hubaki kudai fidia tu. Sheria haitaji siku ngapi. Lakini anayelalamika siku ya tatu ana nguvu kuliko anayelalamika mwezi wa tano. Wazee walisema ajizi ni nyumba ya njaa.

Yaliyompata mpwa wangu

Mpwa wangu anayesoma Juja alinunua laptopu iliyotumika ng'ambo, zile tunazoziita "ex-UK", kwa Sh32,000 katika duka ambalo sitalitaja. Aliambiwa kwa mdomo kwamba ina waranti ya miezi sita. Risiti iliandikwa kwa mkono, haikutaja waranti wala nambari ya mashine. Siku ya tisa ikaanza kujizima yenyewe kila baada ya nusu saa. Alikuwa mwaka wa mwisho, na mradi wake ulitakiwa baada ya wiki tano.

Alipoirudisha, kijana wa kaunta alimwambia, "Iache, fundi ataiangalia." Ikakaa siku kumi na mbili. Aliporudishiwa ilikuwa imefutwa kila kitu, na jioni hiyo hiyo ikajizima tena. Mara ya pili alionyeshwa bango. Mara ya tatu alikwenda na mama yake, ambaye ni dada yangu.

"Mama, hii ilitoka hapa ikiwa nzima," mwenye duka akasema. "Pengine ni stima za huko kwenu zimeiunguza."

"Sawa, bwana. Basi niandikie hapa kwamba fundi wako aliifungua akakuta imeunguzwa na stima. Tia sahihi na muhuri wa duka."

Mwenye duka hakuandika. Dada yangu akatoa barua aliyokuwa ameiandaa nakala mbili, akaomba moja igongwe muhuri kuonyesha kwamba imepokelewa. Barua ilitaja siku ya kununua, kasoro yenyewe, siku mashine ilizokaa kwa fundi, na kile walichotaka: mashine nyingine nzima ya aina ile ile au Sh32,000 zao, katika muda wa siku kumi na nne. Mstari wa mwisho ulisema baada ya hapo wangekwenda Mahakama ya Madai Madogo. Siku ya kumi na moja simu ikalia: njooni mchukue nyingine. Waliijaribu mle mle dukani kwa saa nzima kabla ya kuipokea, na safari hii risiti ikaandikwa nambari ya mashine na muda wa waranti.

Si yote yaliyorudi. Nauli za kwenda na kurudi hakuna aliyezilipa. Kazi iliyofutwa na fundi ilibidi ifanywe upya usiku na mchana, na mhadhiri alimwongezea wiki moja tu. Hata hivyo, kijana alimaliza mradi kwa mashine inayofanya kazi.

Kwa nini duka lililegea? Kelele hazikupigwa. Risiti ile ilikuwa dhaifu, lakini ujumbe wa M-Pesa katika simu ulionyesha jina la duka, tarehe, saa na kiasi kilicholipwa. Kijana alikuwa amepiga video mara tatu mashine ikijizima. Na nakala ya barua ilikuwa na muhuri. Mwenye duka aliona kwamba akifikishwa mbele ya hakimu hatakuwa na la kusema. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata majabali huinama

Usidhani kuzungushwa huku ni tabia ya maduka ya huku kwetu tu. Mwaka 1994, Thomas Nicely, profesa wa hisabati katika chuo cha Lynchburg, jimbo la Virginia, Marekani, aligundua kwamba kichakata cha Pentium cha kampuni ya Intel kilikuwa kinakosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Ukigawanya 4195835 kwa 3145727, jibu linapaswa kuanza na 1.3338, Pentium mbovu ilitoa 1.3337.

Kosa ni dogo, utasema. Intel nayo ilisema hivyo. Mwanzoni ilikubali kuwabadilishia wale tu ambao wangethibitisha kwamba kazi zao zinahitaji hesabu za usahihi mkubwa. Wanunuzi wakakataa. Hoja yao ilikuwa nyepesi: tulilipia kitu cha kugawanya sawasawa, na kama kinagawanya vibaya, si juu yetu kueleza tunagawanya nini. Kelele zikapanda, na mwezi Desemba kampuni ya IBM ikasimamisha kupeleka sokoni kompyuta zake zenye kichakata hicho. Tarehe 20 Desemba 1994 Intel iliomba radhi na kutangaza kwamba kila anayetaka atabadilishiwa bila malipo. Gharama aliyotangaza ilikuwa dola milioni 475.

Ikiwa kampuni kubwa kama hiyo iliinama, duka la ghorofa ya pili haliwezi kusema kwamba jambo hili halina njia.

Kabla ya kutoka dukani

Kinga ni bora kuliko tiba. Usikubali kufungiwa mashine kwenye mfuko kabla hujaijaribu. Iwashe, ichomoe kwenye stima uone kama betri inaishikilia. Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Chomeka flashi katika kila tundu. Washa kamera, cheza wimbo, unganisha intaneti. Ikiwa inatumia Windows, fungua lile dirisha jeusi la amri, andika powercfg /batteryreport, na itakutengenezea ripoti inayoonyesha betri ilipotoka kiwandani ilikuwa na uwezo kiasi gani na sasa imebaki na kiasi gani. Ikiwa imebaki na nusu, ujue unanunua nusu ya betri.

Kwa zile zilizotumika ng'ambo, chunguza kama bado zimefungwa kwa kufuli ya kampuni iliyokuwa ikizimiliki, au zina nywila inayokuzuia kuingia katika mipangilio ya ndani. Mashine ya namna hiyo inaweza kukufungia siku usiyotarajia.

Jihadhari na flashi na diski za nje zinazodai kuwa na ukubwa wa ajabu kwa bei ya mteremko. Nyingine zimechezewa ili kompyuta isome ukubwa ambao haupo. Ukizijaza, faili za zamani zinaharibika kimyakimya. Dawa ni kuijaza faili siku ile ile unayoinunua, kisha uzifungue zote. Zisipofunguka, irudishe kesho yake asubuhi. Chaja nazo, tazama alama ya ubora ya KEBS. Nambari ya kibali unaweza kuihakiki kwa kuituma kwa ujumbe mfupi hadi 20023.

Halafu dai risiti kamili: jina la duka, tarehe, aina ya mashine, nambari yake iliyobandikwa chini, bei, na waranti ya muda gani inayohusu sehemu zipi. Risiti ya eTIMS ya KRA ni bora zaidi. Muuzaji akiahidi kwa mdomo, mwambie kwa upole, "Bosi, niandikie hapo." Anayekataa kuandika miezi sita ya waranti hana nia ya kuitimiza. Lipa kwa nambari ya till ya duka, usilipe kwa simu ya mfanyakazi.

Mashine ikiharibika

Acha kuitumia. Usiifungue skrubu wala kuipeleka kwa fundi wa mtaani, maana duka litasema yeye ndiye aliyeiharibu. Ipige picha na video. Nakili kazi zako na uondoe picha na karatasi zako za siri ikiwa bado inawaka, kwa kuwa fundi ataiona diski yako. Nenda dukani mara moja, na ukiiacha, pewa hati inayosema umeiacha lini na kwa kasoro gani.

Wakikuambia watakupa "kredo" ya kununua vitu vingine dukani, una hiari ya kukataa. Ikiwa bidhaa ni mbovu nawe umeikataa mapema, unachodai ni pesa zako. Ukikubali itengenezwe, andika kwamba unakubali mara hii tu, na kwamba isipopona utaikataa. Wakizidi kukuzungusha, barua yaweza kuwa fupi kama hii:

"Tarehe fulani nilinunua kwenu laptopu ya aina fulani, nambari fulani, kwa Sh kadha. Tarehe fulani ilianza kujizima. Niliileta kwenu tarehe fulani na haikupona. Haina ubora unaotakiwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na kifungu cha 5 cha Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa, 2012. Ninaikataa, na ninaomba mnirudishie pesa zangu au mnipe nyingine nzima katika siku 14. La sivyo nitapeleka madai yangu mahakamani. Nimeambatisha risiti na ujumbe wa malipo."

Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri. Wakikataa kugonga, ipige picha ikiwa kwenye kaunta na uitume pia kwa WhatsApp au barua pepe ya duka.

Pa kwenda

Ukidanganywa kuhusu bidhaa au waranti, lalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Ukiuziwa bidhaa bandia yenye jina la kampuni nyingine, ni kazi ya Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi.

Lakini kwa pesa zako mwenyewe, njia ya karibu ni Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa na sheria ya 2016, ikafungua milango kwa mara ya kwanza Milimani, Nairobi, Aprili 2021, na sasa iko Thika pia. Inasikiliza madai ya hadi Sh1 milioni, yakiwemo ya mikataba ya kuuziana bidhaa. Huhitaji wakili; unajieleza mwenyewe. Haifungwi na kanuni kali za ushahidi, kwa hivyo ujumbe wa M-Pesa na video ya simu vina nafasi yake. Na sheria inataka kesi iamuliwe katika siku 60 tangu kuwasilishwa. Duka likiwa Thika, uliza Thika. Likiwa katikati ya jiji la Nairobi, uliza Milimani.

Wauzaji waaminifu wapo, tena wengi, na hao hawaogopi kuandika waranti kwa sababu wanajua wanachouza. Ukimpata mmoja, mrudie na uwapeleke wenzako kwake. Na yule wa bango, msalimie kwa heshima, mwonyeshe risiti, umpe barua. Muhula hausubiri, kwa hivyo nenda kesho asubuhi.